Macho ya Nifuate

Watu wengi huamini kwamba hatari ya safari ya ndege iko huko juu mawinguni. Ndege ikishagusa chini wanapumua, wanamshukuru Mungu, wanawasha simu, wanasimama kabla hawajaruhusiwa kusimama na kuanza kugombea mabegi. Kwao safari imekwisha. Hawana habari kwamba rubani aliyewapitisha salama kwenye radi sasa yuko chini gizani, amezungukwa na taa za buluu kila upande, na anajiuliza kama mgeni aliyeteremshwa mtaa asioujua: nigeuke wapi hapa?

Mchana uwanja wa ndege ni barabara na michoro, mtu anaona anakokwenda. Usiku ni taa tu, na taa zenyewe zimefanana kama punje za mchele. Mvua ikinyesha ndiyo balaa zaidi, maana lami hung'aa na kila taa huzaa pacha wake. Rubani ameketi juu kama mtu aliye kwenye dirisha la ghorofa, na kilicho chini ya pua ya ndege yake hakioni. Akikosea kona moja anaweza kutokezea mbele ya ndege nyingine inayokimbia kuruka. Basi wakubwa wa uwanja mmoja, ambao michoro yake ilikuwa imefifia na rangi mpya ilikuwa "iko njiani" tangu zama za wakubwa waliowatangulia, wakaona dawa ya yote hayo ni gari moja la njano lenye ubao wa taa nyuma, umeandikwa neno moja tu: NIFUATE. Ndani ya gari hilo wakamweka bwana wetu.

Jina la kuzaliwa alikuwa nalo, bila shaka, kwa kuwa mshahara ulikuwa unamfikia. Ila uwanja mzima ulimwita Nifuate, kuanzia wafagiaji hadi wakuu wa idara, naye alilipenda jina hilo kuliko lile alilopewa na wazazi wake. Aliingia pale akiwa kijana mwenye mabega mapana, akipakia masanduku kwenye tumbo la ndege. Miaka ikapita, mgongo ukalalamika, akapewa kufuta vioo vya magari, kisha kuendesha trekta la mizigo, na mwisho, kwa kuwa hakuwa mlevi na hakuwa na mazoea ya kugonga vitu, akapewa gari la njano.

Hapo ndipo kichwa kilipovimba. Na kweli, ni mtu gani angebaki na kichwa cha kawaida? Ndege inatoka bara jingine, imebeba mawaziri na maharusi na wafanyabiashara wenye saa nzito, rubani wake amesoma hadi nywele zimemtoka, halafu ikitua inamsubiri yeye. Akikata kushoto, inakata kushoto. Akipunguza mwendo, nayo inapunguza. Alizoea kuitazama kwenye kioo, ile mijitaa yake mikubwa ikimjia pole pole kwa utiifu, na alijisikia mtu.

Nyumbani mambo yalikuwa tofauti. Alijaribu kuingiza sebuleni nidhamu ya redio ya uwanjani, ambako ndege huambiwa 'uko huru kutua'. "Mama watoto," alisema siku moja akiwa amejinyoosha kwenye kiti, "uko huru kuleta chai."

"Na wewe uko huru kuifuata jikoni," mkewe akamjibu, wala hakuinua macho kwenye cherehani yake.

Mkewe alikuwa fundi wa nguo, mwanamke mnene wa maneno machache. Watoto walikwisha kuwa watu wazima na kwenda zao, kwa hiyo kazi ya kumrudisha mzee chini kila alipopaa ilibaki kwake peke yake. Hakuilalamikia kazi hiyo. Nadhani aliifurahia.

Sasa, ubaya wa habari hii ni macho. Yalianza kumchezea taratibu. Mchana aliona vizuri, sindano ya mkewe ikidondoka alikuwa yeye wa kuiokota. Jua likizama, dunia ilianza kumfungia milango. Kila taa ilivaa duara la mwanga kama pete, maduara yakagusana, na mwisho akawa anatazama uji wa taa. Alisema ni kioo cha gari kimekwaruzika. Kikabadilishwa. Akasema ni balbu za siku hizi, hazina adabu. Akasema ni marubani vijana, wanawasha taa kali kama wanatafuta mwizi. Kila kitu kilikuwa na kasoro isipokuwa macho yake.

Msije mkadhani hakupimwa. Uwanja ule ulikuwa makini sana katika mambo ya usalama, na madereva wote wa usiku walipimwa macho kila mwaka. Walipimwa asubuhi, baada ya chai, katika chumba chenye madirisha mapana yaliyoelekea mashariki. Nifuate alisoma herufi zote hadi mstari wa chini kabisa, akauliza kama wanataka na jina la kiwanda kilichochapisha lile bango, akalisoma nalo. Muuguzi alicheka akamgongea muhuri. Kumpima dereva wa usiku wakati wa usiku ni wazo ambalo halikumjia mtu yeyote, na yeye hakuwa mjinga wa kulitoa.

"Nenda kwa daktari," mkewe alimwambia jioni moja, baada ya kumwona akimimina chai kwenye sinia kwa utulivu mkubwa, kikombe kikiwa pembeni. "Huenda ni mtoto wa jicho. Watu wanatibiwa siku hizi."

"Daktari atanifundisha nini mimi?" alisema. "Mimi ndiye ninayeonyesha ndege njia."

Lakini moyoni aliogopa. Tuseme ukweli, aliogopa kama mtoto. Dereva aliyepatikana na macho mabovu alipelekwa kwenye chumba cha mizigo iliyopotea, akakae na masanduku yasiyo na wenyewe hadi siku ya kustaafu. Hakuna anayemfuata mtu wa chumba kile.

Kwa hiyo akabuni njia yake. Pembeni mwa uwanja kulikuwa na kituo cha zimamoto, na nyuma ya kituo hicho jiko, na juu ya mlango wa jiko taa moja ya manjano ambayo mpishi wao hakuizima hata siku moja. Katikati ya ule uji wa buluu, taa ile aliiona. Aligundua kwamba akitoka kwenye njia ya kurukia, akaenda pole pole hadi taa ya jiko iingie kwenye kioo chake cha pembeni, hapo ndipo pa kukata kulia kuelekea maegesho ya ndege. Hakuhitaji mchoro, hakuhitaji chochote. Mpishi angeambiwa kwamba ndege za usiku zilikuwa zinaongozwa na taa aliyoiwasha ili asikanyage paka, angeomba nyongeza ya mshahara. Nifuate alijisifu kwamba anaujua uwanja kama kiganja cha mkono wake, na watu wakamwamini, kwa sababu hakukosea.

Ndipo ukaja mradi wa usalama. Wakubwa waliamua kwamba uwanja unahitaji taa mpya za kisasa, zile za kijani zinazokaa katikati ya njia na kumwonyesha rubani kila kona. Lilikuwa jambo jema kabisa. Ili kupitisha nyaya ukachimbwa mtaro mpana kukata njia mojawapo ya ndege, mbele kidogo ya ile kona ya Nifuate, na njia hiyo ikafungwa. Mtaro ukazungushiwa taa nyekundu za kuonya, na kwa siku kadhaa kila kitu kikaenda sawa.

Siku ya uzinduzi wa mradi likasimamishwa hema. Kukawa na hotuba kuhusu usalama, ndefu, kiasi kwamba jua likaanza kuzama hotuba zikiwa bado zinatiririka. Hema likawa giza. Mkuu wa usalama, mtu wa suti zilizopigwa pasi na tabasamu lililopigwa pasi pia, akaagiza zitafutwe taa haraka wageni wasije wakajikwaa. Taa zilizokuwa karibu ni zile nyekundu za mtaroni. Zikaletwa, zikaning'inizwa, hema likapendeza. Kikosi cha zimamoto nacho kilikuwa kimealikwa chakula, kwa hiyo mpishi wao, kwa mara ya kwanza tangu aajiriwe, akafunga jiko na kuzima taa ya mlangoni.

Kulikuwa na manyunyu. Giza lilikuwa ndiyo kwanza limeshika pale ndege kubwa ya abiria ilipotua, na rubani wake hakuwahi kufika uwanja ule.

"Nifuate, mgeni wako ameshuka," ilisema redio. Sauti ilikuwa ya mama wa mnarani, yule anayeongoza ndege zote kutoka juu kwenye vioo, ambaye wote walimwita Mama Mnara. "Mlete maegeshoni taratibu. Kumbuka njia ya mbele imefungwa."

"Nimekupata, Mama. Nalala na kuamka na uwanja huu," akajibu kwa madaha, akawasha ubao wake.

Ndege ikamfuata. Akaenda pole pole, jicho moja kwenye kioo cha pembeni, akisubiri taa ya jiko. Taa haikuja. Akasogea kidogo. Haikuja. Akajiambia labda mvua imeichelewesha, kana kwamba taa nayo hupanda basi. Mbele yake buluu ilikuwa imeyeyuka yote, nyuma yake mwanga wa ndege umejaa kioo, na hapo ndipo alipoelewa kwamba hajui alipo. Akakanyaga breki kwa nguvu zake zote.

Nyuma, ndege nayo ikafunga breki kwa kishindo.

"Nifuate, kuna nini?" rubani aliuliza.

"Subiri, Kapteni," alisema. Akashuka na tochi, nia yake ikiwa kuutafuta mchoro wa njia kwa miguu kama anayetafuta shilingi iliyodondoka. Akapita mbele ya gari lake, hatua moja, ya pili, na mguu wa kulia ukaenda chini bila kukuta kitu. Akaanguka, mguu mtaroni hadi pajani, tumbo kwenye lami, tochi ikabiringika na kutumbukia, ikabaki inamulika nyaya mpya za mradi wa usalama.

Zimamoto walipofika wakiwa bado wanatafuna, walikuta gari la njano limesimama ukingoni kabisa mwa mtaro, ndege nzima ya watu nyuma yake, na mzee amekaa chini kando ya gari. Kila mtu akajifanyia hesabu kichwani. Gurudumu la mbele la ndege lingeingia mle, pua ingepiga chini, mafuta yangemwagika, na injini zilikuwa zinawaka.

"Mzee, umeuonaje mtaro huo gizani?" Mama Mnara aliuliza kwenye redio ya zimamoto, walipokwisha kumpa habari. "Umeuonaje?"

Alifungua mdomo. Watu wote walimtazama kwa macho ya kumwabudu. "Ni uzoefu tu," akasema.

Kuanzia hapo akavishwa kilemba cha ukoka, na kikamkaa vizuri. Mkuu wa usalama alimkumbatia mbele ya wafanyakazi wote, akatangaza kwamba huyu ana macho ya mwewe, kwamba ameokoa maisha ya watu na heshima ya uwanja. Alikuwa karibu kustaafu. Sasa akaongezewa muda, na ikaamuliwa kwamba hadi taa mpya zitakapokamilika, ndege zote za usiku zitamfuata yeye na hakuna mwingine. Watu walipiga makofi. Kuhusu taa nyekundu zilizokwenda kupamba hema, hakuna aliyeuliza. Nani aulize habari za taa, na shujaa yupo?

Mkewe alikuwa amepokea suruali aliyorudi nayo usiku ule wa mtaro. Aliifua, akaianika, akaenda kukaa mbele ya mumewe.

"Wanasema uliliona lile shimo."

"Ndivyo wanavyosema."

"Matope yalikuwa hadi pajani. Mtu aliyeliona shimo, mguu wake ulifuata nini ndani?"

Alitaka kutaja uzoefu. Akamtazama mkewe, na badala yake akasema yote, ya maduara ya mwanga, ya taa ya jiko, ya mwaka baada ya mwaka wa kujificha nyuma ya dirisha la muuguzi. Alipomaliza alikuwa analia. Mkewe hakumbembeleza.

"Kuwa mke wa mtu asiyeona, hilo haliniogopeshi," alisema. "Nitakushika mkono, basi. Ninaloogopa ni kuwa mke wa mtu aliyeua ndege nzima kwa aibu zake. Nenda kawaambie."

Akaenda asubuhi iliyofuata. Mkuu wa usalama alimpokea kwa mikono miwili, akamkalisha kwenye kiti cha wageni.

"Mkuu, mimi usiku sioni," alisema Nifuate.

Mkuu akacheka sana. "Mzee wangu, unyenyekevu nao una mipaka yake."

"Sioni kweli. Lile shimo sikuliona. Nililiingia."

Kicheko kikakatika. Mkuu akainuka akafunga mlango, akarudi, safari hii akakaa kwenye ncha ya meza na kushusha sauti. "Nisikilize vizuri, mzee. Huko juu wameshaambiwa kwamba tahadhari zote zilikuwepo, na dereva wetu mwenye macho makali aliona hatari mapema. Wamefurahi. Sasa ukisema hukuona, wataanza kuuliza kama hata mtu mwenye macho mazima angeliona. Wataulizia zile taa. Umenielewa? Macho yako si yako tena, ni ya uwanja."

"Na ndege zinazonifuata, Mkuu?"

"Nenda pole pole tu," Mkuu alisema, tabasamu lake likiwa limerudi mahali pake. "Mbona miaka yote hukukosea?"

Naam. Alihangaika miaka yote ile ili asigundulike kuwa haoni, na siku aliyokwenda kuungama kwa mdomo wake mwenyewe, akaamriwa aone. Nifuate alitoka mle ofisini akatembea kivivu hadi kwenye gari lake. Angeweza kukaa kimya. Taa ya jiko ilikuwa imewashwa tena, mtaro umezungushiwa taa zake, cheo kipo, makofi bado yanasikika. Mtu yeyote angemwambia hiyo ndiyo bahati.

Jioni ikaingia, na mvua ikaingia nayo, si manyunyu tena, mvua ya kweli. Ndege ikatua. Nyingine ikawa tayari imejipanga kusubiri zamu ya kuondoka.

"Nifuate, mgeni wako huyo," alisema Mama Mnara. "Leo hali mbaya, lakini nina wewe."

Neno hilo lilimchoma. Akaingia njiani, ndege ikamshika mgongo. Taa ya jiko aliiona, kwa mbali, doa la manjano linalotetemeka kwenye maji ya kioo. Ilikuwa inakaribia pale pake. Alichotakiwa kufanya ni kukata kulia kama siku zote. Akatazama kwenye kioo yale mataa makubwa yaliyokuwa yanamjia kwa utiifu ule ule, na kwa mara ya kwanza hakujisikia mtu. Alisikia hofu tupu. Akasimamisha gari, akazima ubao wa nyuma.

"Nifuate, umeona nini tena?" rubani aliuliza mara moja. Sifa za mwewe zilikuwa zimeshawafikia hata marubani.

Akaishika redio kwa mikono miwili. Alijua kwamba mnara unasikia, zimamoto wanasikia, ndege zote zinasikia, na ofisini kwake Mkuu ana redio inayosikia pia.

"Sijaona kitu, Kapteni," alisema. "Usiku mimi sioni. Hata shimo lile sikuliona, nilitumbukia ndani yake. Tafadhali usinifuate."

Mvua ilikuwa inapiga bati la gari.

"Mzee," rubani alisema, na sauti yake haikuwa na hasira, ilikuwa ya mtu anayetua mzigo, "hata mimi huku sioni kitu. Nilikuwa nakuangalia wewe."

"Mnara, na mimi ninayesubiri kuondoka," ikasema sauti nyingine. "Sijui vizuri niko njia ipi. Niliona haya kuuliza."

"Basi na mimi niseme," akajibu Mama Mnara. "Vioo vya huku vimejaa maji, siwaoni wote wawili. Nilikuwa nakisia. Kila mmoja asimame alipo, zimeni injini. Mtu asisogee mpaka tulete watu wa tochi."

Injini zikazima moja baada ya nyingine. Ndani ya ndege, abiria walitangaziwa kwamba kuna ucheleweshaji mdogo kwa sababu za kiusalama, wakaguna na kutukana kimoyomoyo, kwa kuwa walikuwa wameshafika na walitaka kwenda majumbani mwao. Uwanja mzima ulisimama gizani, hakuna kilichotembea, na huenda haukuwahi kuwa salama kiasi kile tangu uzinduliwe.

Simu ya Nifuate ililia. Alikuwa Mkuu. Akaiacha ilie hadi ikachoka, kisha akampigia mkewe.

"Nimewaambia," alisema.

"Umemwambia nani?" mkewe akauliza.

"Wote. Hata wale walio hewani, nadhani." Akajaribu kucheka, kicheko kikageuka kilio, akalia wazi wazi ndani ya gari ambalo kesho halitakuwa lake. Kisha, upande wa pili wa simu, akasikia cherehani ikisukumwa pembeni, na kabati likifunguliwa, na funguo.

"Sasa ukitoka hapo usijifanye kujua njia," mkewe alisema. "Kaa getini. Nakuja kukuchukua."